Homa vyuoni: Siku tatu za mapumziko zinavyoweza kunusuru bewa zima

Lugha yetu ina neno moja, homa, kwa mambo mengi. Mwenye malaria ana homa, mwenye nimonia ana homa, na hata anayepiga chafya mara mbili asubuhi ya baridi husema ana homa. Pengine ndiyo sababu mwanafunzi wa chuo anapoamka akiwa na joto jingi mwilini, koo likimuwasha na viungo vikimuuma, wenzake humwambia kwamba ni homa tu. Naye hujitanda koti, akabeba vitabu vyake na kushika njia kuelekea ukumbi wa mihadhara.

Neno hilo "tu" ndilo lenye hatari. Mafua makali yanayoletwa na virusi vya influenza si sawa na mafua ya kawaida ambayo humaliza siku chache yakienda zake. Shirika la Afya Duniani (WHO) hukadiria kuwa mafua hayo ya msimu huua kati ya watu 290,000 na 650,000 ulimwenguni kila mwaka, na kuwafanya wengine kati ya milioni tatu na tano kuugua vibaya. Mdharau mwiba, walisema wahenga, mguu huota tende.

Ni kweli kwamba vijana wengi wenye afya njema hupona baada ya juma moja hivi. Lakini bewa si la vijana wenye afya njema pekee. Humo mna wanafunzi wenye pumu, wenye kisukari, wenye selimundu na wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Mna wanafunzi wajawazito. Mna wapishi, wafagizi, walinzi na wahadhiri waliokula chumvi nyingi. Isitoshe, muhula unapofungwa, mwanafunzi aliyeambukizwa hupanda matatu hadi kijijini, ambako nyanya na babu wanamsubiri kwa hamu. Homa iliyokuwa "tu" bwenini huenda isiwe "tu" kwa mzee wa miaka 75.

Swali basi ni hili: Je, vyuo vyetu vimefanya nini kuzuia maambukizi hayo, na ni wapi mambo huenda mrama?

Kenya haiwezi kudai kuwa haikuonywa. Mnamo Juni 29, 2009, aliyekuwa Waziri wa Afya ya Umma na Usafi wa Mazingira, Bi Beth Mugo, alitangaza kisa cha kwanza nchini cha virusi vipya vya H1N1, ambavyo wengi walizoea kuviita homa ya nguruwe. Mgonjwa alikuwa mwanafunzi kutoka Uingereza aliyekuwa Kisumu pamoja na kundi la wenzake zaidi ya thelathini. Wanafunzi hao waliwekwa karantini katika hoteli walimokuwa wakilala. Wakati huo zilikuwa zimepita siku chache tu tangu WHO itangaze, Juni 11, kwamba ulimwengu ulikuwa umeingia katika janga la mafua.

Miaka kumi na zaidi baadaye, historia ilijirudia kwa sura nyingine. Machi 13, 2020, aliyekuwa Waziri wa Afya, Bw Mutahi Kagwe, alitangaza kisa cha kwanza cha Covid-19 nchini. Aliyeambukizwa alikuwa Mkenya aliyekuwa akisomea Marekani, na aliyekuwa amerejea Nairobi kupitia London. Siku mbili baadaye serikali iliamuru shule na vyuo vyote vifungwe, na vyuo vikuu vikapewa hadi Ijumaa, Machi 20, viwe vimewaruhusu wanafunzi kwenda nyumbani.

Mara mbili, basi, gonjwa jipya linaloenea kwa njia ya hewa lilitambuliwa nchini kwa mara ya kwanza kwa mtu aliyekuwa mwanafunzi. Hilo si kosa la wanafunzi. Ni dalili ya jinsi maisha yao yalivyo. Wao husafiri, hukutana na wengi, hula pamoja, hulala pamoja na huketi bega kwa bega kwa saa nyingi. Virusi vya njia ya hewa havihitaji zaidi ya hayo.

Tazama bweni la kawaida katika chuo chochote cha umma. Chumba kilichojengwa kwa ajili ya wanafunzi wawili aghalabu hulaza watatu au wanne, kwa kuwa waliokosa malazi huhifadhiwa na wenzao bila ya majina yao kuwa katika orodha ya msimamizi wa bweni. Usiku madirisha hufungwa. Njoro na Eldoret hufungwa kwa sababu ya baridi, Kisumu na Maseno kwa sababu ya mbu, na kwingineko kwa hofu ya wezi wanaopitisha mikono na kuiba simu na tarakilishi. Asubuhi wote hao huelekea ukumbi uliojengewa watu mia mbili lakini unaobeba mia tatu, wengine wakiketi ngazini.

Mtafiti hahitaji darubini kutambua kwamba hapo pana mwanya. Lakini wenye darubini nao wametueleza jambo la kutia wasiwasi. Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa pumzi za wagonjwa 142 wa mafua, wengi wao kutoka jamii ya chuo hicho. Waligundua kwamba virusi hai vilikuwemo katika chembechembe ndogo mno zilizotoka na pumzi, na kwamba mgonjwa hakuhitaji kukohoa wala kupiga chafya ili azitoe. Kupumua kwenyewe kulitosha. Maana yake ni kwamba ushauri wa kukohoa ndani ya kiwiko, japo ni mwema, hauwezi kumfanya mgonjwa aliyeketi kati ya wenzake mia tatu asiwe hatari kwao.

Hapa ndipo tunapofikia kiini cha suala hili. Mtu akishaambukizwa influenza, dalili hujitokeza baada ya siku moja hadi nne. Anaweza kuanza kuwaambukiza wengine siku moja hivi kabla ya kuzihisi, na kuendelea kwa siku tano hadi saba baadaye. Hata hivyo, kipindi ambacho huambukiza zaidi ni siku tatu au nne za mwanzo wa ugonjwa. Hatuwezi kuizuia siku ile ambayo mwenyewe hajui kuwa ni mgonjwa. Lakini siku tatu zinazofuata zimo mikononi mwetu. Mgonjwa akizimaliza chumbani, moto hupungua kuni. Akizimaliza ukumbini, maktabani na kwenye foleni ya chakula, bewa zima huwaka.

Kwa nini basi hazimalizi chumbani? Jibu la haraka ambalo wasimamizi wengi hutoa ni kwamba wanafunzi wetu ni wapuuzaji. Jibu hilo si la haki. Mwanafunzi anayekokota miguu kwenda darasani akiwa na joto la nyuzi 39 hafanyi hivyo kwa kupuuza. Hufanya hivyo kwa kuwa amepiga hesabu.

Vyuo vingi nchini humtaka mwanafunzi awe amehudhuria sehemu fulani ya mihadhara, aghalabu thuluthi mbili au robo tatu, ndipo aruhusiwe kufanya mtihani. Daftari la mahudhurio huzungushwa, na ambaye sahihi yake haimo huhesabiwa kuwa mtoro. Jaribio la katikati ya muhula likimpita, humlazimu kumshawishi mhadhiri ampe jingine, na si wahadhiri wote wanaoshawishika. Mtihani wa mwisho ukimpita, huambiwa asubiri mtihani maalum, ambao huenda ukaja baada ya miezi mingi, pengine baada ya wenzake kufuzu. Kwa mzazi aliyeuza ng'ombe ili kulipa karo, na kwa mwanafunzi anayesoma kwa mkopo wa serikali, mwaka mmoja zaidi chuoni si jambo dogo.

Kanuni humruhusu mgonjwa akose darasa iwapo ana cheti cha daktari. Lakini kukipata cheti hicho ni safari nyingine. Yampasa atoke kitandani, aende zahanati ya chuo, apige foleni kwa saa kadhaa katika chumba cha kungojea kisicho na hewa ya kutosha, akae kando ya mwenye pumu aliyekuja kuchukua dawa na msichana mjamzito aliyekuja kupimwa. Mwishowe hupewa tembe za kutuliza maumivu na kuambiwa akapumzike, jambo ambalo angelifanya tangu alfajiri. Kwa njia hii, kanuni iliyonuiwa kuthibitisha ugonjwa huishia kuusambaza.

Mficha maradhi, husemwa, kilio humuumbua. Lakini tujiulize ni nani aliyemfundisha kijana huyu kuyaficha.

Wenzetu waliokumbwa na janga la 2009 waliligundua hili mapema. Agosti 2009, Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington kilichoko mjini Pullman, Marekani, kilifungua muhula, na katika muda wa majuma mawili hivi wanafunzi zaidi ya 2,000 walikuwa wameripoti dalili za mafua. Mwezi huo huo, Kituo cha Kuzuia na Kudhibiti Magonjwa cha Marekani (CDC) kilitoa mwongozo kwa vyuo. Mwongozo huo haukuanza na kufunga vyuo. Uliwataka wagonjwa wakae vyumbani hadi saa 24 zipite tangu joto la mwili liishe bila ya msaada wa dawa za kulishusha. Pia uliwahimiza wasimamizi wasidai cheti cha daktari, na walegeze kanuni za mahudhurio na mitihani ili mgonjwa asiadhibiwe kwa kubaki kitandani. Sababu ilikuwa wazi. Hospitali zingefurika watu waliofuata karatasi badala ya matibabu.

Yapo pia mafunzo ya tahadhari. Katika Chuo cha Jeshi la Anga cha Marekani kilichoko Colorado, mkurupuko uliozuka mwezi Juni na Julai mwaka huo huo wa 2009 uliwakumba makurutu wapya. Wagonjwa walitengwa na kupimwa tena na tena. Sampuli zilizochukuliwa siku ya saba ya ugonjwa zilionyesha kwamba karibu robo yake bado zilikuwa na virusi hai. Hivyo basi, anayerejea darasani baada ya joto kuisha hana budi kuendelea kujihadhari kwa siku kadhaa, hususan kwa kuvaa barakoa na kuketi karibu na dirisha.

Je, barakoa husaidia kweli? Tunao ushahidi kutoka mabwenini kwenyewe. Msimu wa 2006 na 2007, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliwafuatilia wanafunzi zaidi ya elfu moja waliokuwa wakiishi katika mabweni ya chuo. Kundi lililovaa barakoa na kutakasa mikono lilipata upungufu wa dalili za mafua wa kati ya asilimia 35 na 51 kati ya juma la nne na la sita, likilinganishwa na kundi ambalo halikufanya lolote. Hata hivyo, kipindi chote cha utafiti kilipojumlishwa, tofauti hiyo haikuwa kubwa kiasi cha watafiti kuithibitisha. Fundisho ni kwamba hatua hizi hufaa zinapoambatana na zinapodumishwa. Barakoa peke yake si hirizi.

Udumishaji ndio uliotushinda hapa kwetu. Wakati wa Covid-19, kila lango la chuo lilikuwa na mtungi wa maji wenye mfereji, sabuni na mlinzi wa kuhakikisha kwamba kila aingiaye amenawa. Baadhi ya wanafunzi walijitengenezea vibuyu chirizi. Leo anayezuru mabewa yetu hatakosa kuona mitungi iliyokauka, mingine ikiwa imegeuzwa mapipa ya taka. Tulijenga mazoea mema kwa hofu, na hofu ilipoondoka, mazoea nayo yakafunga virago.

Nini kifanyike? Mapendekezo haya hayahitaji mabilioni, wala hayahitaji kusubiri bajeti ijayo.

Kwanza, seneti za vyuo zipitishe kanuni ya siku tatu. Mwanafunzi mwenye joto la mwili na kikohozi aruhusiwe kutuma ujumbe kwa idara yake kutoka kitandani, na kwa siku tatu ahesabiwe kuwa mgonjwa wala si mtoro, bila ya kudaiwa cheti. Joto likiendelea baada ya siku hizo, au akianza kupumua kwa shida, kuhisi maumivu kifuani au kuchanganyikiwa, aende hospitali mara moja. Wale wenye maradhi mengine wasisubiri hata hizo siku tatu, kwa kuwa dawa za kupunguza makali ya virusi hivi hufaa zaidi zinapoanza kutumiwa katika saa 48 za mwanzo.

Pili, kila bweni litenge chumba kimoja au viwili kwa ajili ya wagonjwa. Mwanafunzi anayelala na wenzake watatu hawezi kujitenga kwa maneno matupu. Na akitengwa, apelekewe chakula na maji. Kumfungia mgonjwa bila ya uji ni kumwalika atoroke. Muhimu zaidi ni kwamba chumba hicho kisigeuzwe mahali pa aibu. Tuliona wakati wa Covid-19 jinsi waliopelekwa karantini walivyonyanyapaliwa, na jinsi hofu hiyo ilivyowafanya wengine kukwepa kupimwa.

Tatu, madirisha yafunguliwe. WHO ilipendekeza mwaka 2021 kwamba majengo yasiyo ya hospitali yapitishe angalau lita 10 za hewa safi kwa kila mtu kila sekunde. Vyuo vyetu vichache mno vinaweza kupima hilo, lakini vyote vinaweza kuweka wavu wa mbu na vyuma imara dirishani ili mwanafunzi asilazimike kuchagua kati ya hewa, mbu na mwizi. Mhadhiri naye anaweza kuagiza milango na madirisha yawe wazi kabla ya kuanza kufundisha, na kuwapa wanafunzi dakika kumi za kutoka nje katikati ya mhadhara wa saa tatu.

Nne, maji na sabuni virejee, hasa kwenye maeneo ya kulia chakula na misalani. Virusi vya influenza vinaweza kudumu kwa muda wa siku moja au mbili juu ya vitu vigumu kama vile vitasa vya milango na meza. Mfereji mkavu kando ya bango linalosema "Nawa Mikono" ni kejeli.

Tano, zahanati za vyuo zianze kuhesabu. Iwapo wanafunzi watano wa orofa moja wameripoti joto na kikohozi katika siku mbili, daktari wa chuo apaswa kulijua hilo siku hiyo hiyo, si juma lifuatalo. Nchi yetu iko kwenye ikweta, na virusi vya mafua huzunguka humu mwaka mzima badala ya kusubiri msimu mmoja wa baridi kama Ulaya. Hivyo hatuwezi kutegemea kalenda, bali macho. Ni muhimu pia vyuo vizungumze na serikali kuhusu chanjo kwa walio hatarini zaidi, wakiwemo wahudumu wa zahanati. Chanjo hiyo huhitaji majuma mawili hivi kabla ya kuupa mwili kinga, na hivyo haifai kutafutwa baada ya mkurupuko kuzuka.

Watakuwepo watakaopinga, hasa kuhusu kanuni ya siku tatu. Watasema kwamba wanafunzi wataitumia vibaya, kwamba kila Jumatatu ukumbi utakuwa mtupu na kila jaribio litazua wagonjwa mia. Hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa. Lakini ina dawa. Idadi ya mara ambazo mwanafunzi anaweza kujitangaza mgonjwa bila ya cheti inaweza kuwekewa kikomo, kwa mfano mara mbili kwa muhula. Siku za mitihani mikuu zinaweza kuwa na utaratibu wake, ambapo muuguzi humfikia mgonjwa bwenini badala ya mgonjwa kumfuata. Mhadhiri anaweza kuandaa jaribio la pili tangu mwanzo wa muhula. Hata watoro wachache wakipenya, gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na ya ukumbi mzima kuugua kwa zamu.

Wengine watasema kwamba mambo yakichacha, chuo kifungwe. Tumejaribu njia hiyo, na tunaijua bei yake. Mwaka 2020 vyuo vilifungwa kwa miezi mingi. Wenye intaneti waliendelea na masomo, na wasio nayo wakasahaulika. Huenda wakati ule hapakuwa na budi, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa mgeni. Lakini kwa mafua ya kila mwaka, kufunga chuo ni sawa na kuwatuma maelfu ya wanafunzi, baadhi yao wakiwa tayari wameambukizwa, hadi kila kona ya nchi kwa siku moja. Huko ni kuuhamisha moto, si kuuzima.

Hatimaye, suala hili linahusu jinsi chuo kinavyomthamini mtu. Taasisi inayomwambia mgonjwa athibitishe ugonjwa wake kwa kupiga foleni, kisha ikamlaumu kwa kuambukiza wenzake, imejipinga yenyewe. Wanasayansi wa vyuo hivyo hivyo hufundisha jinsi maradhi yanavyoenea. Kilichobaki ni kwa wasimamizi walio katika ofisi za jirani kuwasikiliza.

Janga lingine la mafua litakuja. Lini, hakuna ajuaye. Litakapofika, mwanafunzi fulani ataamka asubuhi akiwa na joto jingi, atalitazama daftari lake la mahudhurio, naye atapiga hesabu. Ni wajibu wa vyuo kuhakikisha, tangu sasa, kwamba jibu la hesabu hiyo ni kubaki kitandani.